Mama alipotimiza miaka 65

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi hatujambo, Mama naye ni mzima wa afya na bado anaizungumzia siku yake kwa kila anayepita. Barua yako niliipata, nikafurahi mno kusikia kwamba mnataka kumwandalia baba yenu sherehe ya kutimiza miaka 70. Umeuliza ya Mama tuliifanyaje, hasa mapambo, na kama ni kweli yote yalitoka mikononi mwetu. Ni kweli, yote. Ngoja nikusimulie, halafu nije kwa baba, maana tangu nisome barua yako nimekuwa nikimwaza.

Unamjua Mama na nyota. Wewe mwenyewe umewahi kusimamishwa uani usiku ukaonyeshwa Kilimia, kile kishada cha nyota, ukaambiwa usiondoke mpaka uzione sita. Mambo hayo hakuyasomea popote. Aliyapata kwa kutazama tu, mwaka baada ya mwaka, na sisi wanawe tulizijua Zuhura na Mirihi kabla hatujajua kuandika majina yetu. Kwa hiyo tulipokaa na ndugu zangu kuipanga siku yake, mada haikutusumbua. Ukimtafutia mtu mada kwenye sherehe za watu wengine, utapata chumba cha kupendeza, lakini mwenye siku atakaa humo kama mgeni. Sisi tulitaka Mama aingie mlangoni na kujua pale ni kwake.

Kisha kaka yangu akaleta jambo lililotuduwaza. Iko nyota iitwayo Aldebaran, ile yenye rangi ya chungwa inayoifuata Kilimia angani. Umbali wake kutoka kwetu ni takriban miaka ya nuru 65. Nuru hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hata kwa mbio hizo, inayotufikia leo kutoka Aldebaran iliondoka huko yapata miaka 65 iliyopita, Mama alipokuwa anazaliwa. Imekuwa njiani maisha yake yote. Alipojifunza kutembea, alipoolewa, alipotuzaa, alipomzika Baba, nuru ile ilikuwa inakuja tu. Hapo tukajua sherehe yake itakuwa nini.

Sasa mapambo. Tuliamua kuzitengeneza sayari zote nane kwa kipimo cha kweli, maana Mama angekagua. Dunia tuliipa kipenyo cha sentimita 2. Kwa kipimo hicho Mshtarii inakuwa na sentimita 22, Zohali 19, Uranus na Neptune kama 8 kila moja, Zuhura inapungua kidogo tu kwa Dunia, Mirihi inabaki sentimita 1, na Utaridi haifiki hata hapo. Hizo ndogo zikawa shanga na vipira vya karatasi iliyofinyangwa. Hizo kubwa tulizijenga juu ya maputo. Unachukua kikombe kimoja cha unga wa ngano na viwili vya maji, unakoroga mpaka mabonge yaishe. Unachana magazeti vipande vyembamba, unavichovya, unavibandika juu ya puto ukivipishanisha. Tabaka tatu zinatosha, ila kila tabaka ikauke kabisa kabla ya kuweka inayofuata, la sivyo ndani kutabaki unyevu na ukungu utaota. Ikikauka unatoboa puto, unalitoa, unapaka rangi. Pete za Zohali tulizikata kwenye boksi, upana wa sentimita 43 kutoka ukingo hadi ukingo, na wajukuu wakazichora mistari kwa penseli za rangi kwa uvumilivu ambao sikujua wanao.

Jua ndilo lililotupa kazi. Kipenyo chake ni mara 109 ya Dunia, kwa hiyo kwetu lilihitaji zaidi ya mita 2. Tuliunganisha karatasi za manjano na za rangi ya chungwa ukutani mpaka duara likakamilika, nusu yake ikapanda hadi karibu na dari. Ukisimama mbele yake na ile Dunia ya sentimita 2 kiganjani, unanyamaza. Umbali hatukuweza kuuheshimu, kwani Dunia ingebidi ikae zaidi ya mita 230 kutoka kwenye hilo Jua. Tuliandika hivyo kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni, na wageni wengi walikisoma kwa sauti na kumwita mwenzao aje asome.

Dari tuliifunika kitambaa cheusi, tukaning'iniza nyota za karatasi kwa nyuzi za urefu tofauti. Usizining'inize zote usawa mmoja. Ni ule urefu tofauti unaofanya jicho lione kina. Mishumaa niliikataa kabisa. Palipo na karatasi nyingi namna ile, moto hauna nafasi, na vitaa vya betri ndani ya chupa za kioo vilitosha. Kwa kubandika ukutani tumia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, haibandui rangi ya ukuta.

Lakini kitu ninachokitamani ukiige ni hiki. Kabla ya siku yenyewe tulimpelekea kila mgeni nyota moja tupu ya karatasi, tukamwomba aandike nyuma yake jambo moja analolikumbuka kuhusu Mama. Si pongezi, kumbukumbu. Shangazi aliandika kuhusu viatu walivyokuwa wakipokezana kwenda shule. Jirani mmoja aliandika kwamba Mama alikesha na mwanawe mgonjwa usiku mzima, na sisi hatukuwahi kulisikia hilo, kwa kuwa Mama hakuwahi kulisema. Hizo ndizo zilizokuwa nyota za dari. Mama alizisoma moja moja, kichwa juu, miwani mkononi, akitusahau sote. Tulikuwa tumepanga michezo na hotuba. Tuliviacha, na sikuona mtu aliyevikosa.

Giza lilipoiva tukatoka nje wote. Ukizifuata nyota tatu za mkanda wa Orion, lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, kwa mstari ulionyooka, upande mmoja unakufikisha kwenye nyota ya Sirius, upande wa pili kwenye Aldebaran. Mama hakuhitaji kuelekezwa, alikwisha kuiona. Kaka akamweleza habari ya nuru na miaka yake. Akaomba arudie. Kisha akasema, "Basi imenikuta bado nipo." Rafiki yangu, kwa neno hilo peke yake ningerudia kazi ile yote.

Jambo moja kabla sijaja kwa baba. Umesema dada yako anataka iwe ya kumshtukiza. Mimi sikubaliani naye. Mtu mzima wa umri huo apewe heshima ya kujua siku, saa na wageni, ili avae anavyotaka kuonekana na apumzike mapema. Mficheni mapambo tu. Mama alijua kila kitu isipokuwa kilichokuwa nyuma ya mlango ule, na furaha yake haikupungua hata chembe.

Sasa baba. Nyota zetu muwaachie wengine. Yeye ni fundi saa, amekaa na kioo cha kukuzia jichoni tangu tukiwa watoto. Jazeni chumba saa za karatasi, na kila saa isimame kwenye wakati wenye maana kwake: saa uliyozaliwa wewe, saa aliyozaliwa dada yako, saa ya ndoa yao, saa anayofungua meza yake ya kazi kila asubuhi. Chini ya kila moja andikeni tarehe tu, maelezo msiweke. Wageni watauliza, naye atasimulia mwenyewe, na mtasikia mengi ambayo hamjawahi kuyasikia.

Kuzichora si kazi. Chora duara kwa bikari, kisha bila kubadilisha upana wake weka ncha popote kwenye mstari wa duara, tia alama, hamia kwenye alama hiyo, endelea hivyo. Utazunguka hatua 6 kamili na kurudi ulikoanzia. Gawa kila sehemu katikati, unazo 12. Na tafadhali muwe makini na mshale mfupi. Ikiwa ni saa na nusu, lazima ukae katikati ya tarakimu mbili, usielekee tarakimu moja kwa moja. Wengine hawataona. Yeye ataona kabla hajaketi.

Magurudumu yenye meno mtayapata kwenye maboksi yale yenye mawimbi ndani. Lowesha kidogo upande mmoja, bandua karatasi ya juu, mawimbi yanajitokeza. Kata ukanda, uzungushe kwenye kiduara cha boksi, meno hayo. Na mlangoni tundikeni pendulamu: kitu kidogo kizito kwenye uzi wa sentimita 99, kupimwa kutoka palipofungwa hadi katikati ya kile kizito. Ukikisukuma taratibu, kila mwendo wa kwenda upande mmoja huchukua sekunde 1. Atasimama hapo na kuhesabu, najua, na msimharakishe.

Anzeni mapema, na mpeni kazi kila mtu, hata wale wasiojua kukata mstari ulionyooka. Mimi nitakuja siku kadhaa kabla ili tukate pamoja. Niandikie ukubwa wa chumba na urefu wa dari, na umuulize mama yako kwa siri ni saa ngapi hasa walipofunga ndoa, maana hiyo nataka kuichora mimi.

Msalimie sana baba, ila usimwambie kwa nini namsalimia mara mbili.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote