Mtu kupoozwa saa nzima ni uonevu

Mhariri, shikamoo, naomba kanafasi kadogo. Sisi huku Shangani, Mtwara, kila Jumamosi jioni tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani uliotoka Marekani 1974, kila mtu ana mhusika wake na mwendesha mchezo ndo anasimulia na kuleta maadui. Sasa juzi mhusika wangu karogwa uchawi wa kupooza raundi ya kwanza tu, nikarusha lile dadu la nyuso 20 nikapata 3, basi, nimeganda kama gogo. Kila zamu yangu narusha tena, nakosa, wenzangu wanapigana wanacheka mi natafuna korosho mpaka bakuli likaisha.

Kanuni sizibishii. Uchawi wenyewe mwisho wake dakika moja ya mchezoni, yaani raundi 10, na mchawi akipigwa akapoteza umakini unakatika. Ila raundi 10 mezani ni saa nzima hiyo, na adui akikusogelea kila pigo likikupata linahesabika pigo kubwa. Bora ufe kabisa utengeneze mhusika mwingine!

Mwendesha mchezo kaniambia, "Kaka, na nyie si mnawapooza majambazi wangu?" Kweli, lakini akipoozewa mmoja ana wengine watano wa kuchezesha, mi ninaye huyuhuyu. Basi aliyepoozwa apewe hata jambazi mmoja amchezeshe, au aruhusiwe kujinasua kwa kukubali kuumia.

Jumamosi hii nakuja na kilo nzima ya korosho, maana kashasema habadilishi kitu.

Mchezaji, Shangani, Mtwara