Kuhusu ule unga wa beri wa mama

Hombolo, Dodoma

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako tumo katikati ya mavuno ya zabibu. Barua yako nimeipata. Kuhusu unga wa beri kutoka ng'ambo, ambao muuzaji anasema utasafisha sumu mwilini na kuponya presha ya mama, ninashauri msiununue.

Rangi iliyokolea ya beri hutokana na kemikali za mimea ziitwazo anthosayanini, nazo zimo pia katika ganda la zabibu zetu nyeusi, katika zambarau na katika choya. Faida zinayo, ila si kwa namna anayoieleza muuzaji. Katika chupa ya maabara huzima upesi chembe zinazoharibu seli, na hapo ndipo sifa zake zilipoanzia. Lakini zikishaliwa, ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu ikiwa kamili, na nyingi huteremka hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunjavunja kuwa kemikali nyingine, ambazo huenda ndizo zinazosaidia mishipa ya damu kutanuka. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake iliyopanga vyakula kwa nguvu hiyo ya maabara, kwa kuwa haikuonyesha faida yake kwa binadamu na wafanyabiashara waliigeuza kuwa tangazo.

Choya ndiyo yenye ushahidi unaomhusu mama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lenye watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo na hawakuwa wakitumia dawa, waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya choya kila siku kwa wiki sita walishuka kipimo cha juu kwa wastani wa takriban 7, ilhali waliopewa kinywaji cha kulinganishia walishuka kwa 1 hivi. Ni nafuu ya kweli, lakini ni ndogo, wala haichukui nafasi ya vidonge. Aichemshe bila sukari, maana ile ya magengeni ni sharubati tupu, na amwambie daktari wake kwamba anainywa.

Baba mdogo naye asijitetee kwa mvinyo mwekundu wa Dodoma. Resveratroli anayoisifia, kemikali iliyomo katika ganda la zabibu, hupatikana kwa miligramu chache tu katika lita nzima, wakati majaribio mengi hutumia mamia kwa siku, na pombe yenyewe husababisha saratani. Ale zabibu pamoja na maganda yake.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni yale mabalungi anayokula mama asubuhi. Yana furanokumarini, ambazo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza nguvu ya baadhi ya dawa, nifedipini ya presha ikiwa mojawapo, hivyo dawa huzidi kwenye damu na presha inaweza kushuka kupita kiasi. Tafadhali soma jina lililoandikwa kwenye pakiti ya vidonge vyake uniandikie, na mpaka daktari atakapowajibu, ale machungwa ya kawaida.

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Rehema