Waliosimamia mfuko wa vita ya Kagera msiwaite wezi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile taarifa yenu kuhusu vita ya Kagera na ukata uliofuata imemaliza habari ya mashujaa vizuri tu, kisha mwishoni mwandishi akapachika kwamba sukari, sabuni na unga viliadimika kwa kuwa maofisa waliokalia fedha za kigeni walijigawia kwanza wao na jamaa zao. Mstari mmoja, hakuna jina, hakuna ushahidi, na watu wote wa ofisi zile wamechafuliwa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa mmoja wa maofisa hao, pale Hazina. Nilikaa chumba kimoja naye, taipureta yangu ikielekea meza yake.

Amin aliingiza majeshi Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 2 Mwalimu akatutangazia kuwa uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo; siku zile zile daraja la Kyaka likalipuliwa. Vijana wakaenda. Mwandishi wenu amejiuliza walikwendaje? Malori yalichukuliwa kwenye mashirika ya umma na kwa watu binafsi, yale yale yaliyotakiwa kubeba pamba na mahindi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, kwa hiyo tulikuwa tunaanza upya na reli yetu, posta yetu na ndege zetu. Bei ya kahawa ilishashuka. Mwaka 1979 mafuta nayo yakapanda, na haukupita muda mrefu bei ikawa zaidi ya maradufu. Vita yenyewe inakadiriwa kutugharimu dola milioni 500, na dola hizo zilitoka kwenye kapu lile lile la dawa, vipuri na ngano. Mwalimu alipotuambia tufunge mikanda miezi 18, pale ofisini tulikuwa tumeshaanza zamani. Barua za ndani tulipiga nyuma ya fomu kuukuu za Jumuiya, na karatasi ya kaboni ilitumika mpaka nakala ya chini haisomeki.

Kuna siku moja siisahau. Asubuhi alikuja meneja wa kiwanda cha sabuni, mtu mzima, akiomba kibali cha kuagiza mafuta ya kutengenezea sabuni, maana mitambo ilikuwa imesimama na wafanyakazi wamekaa tu. Mzee wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Mchana ikaletwa orodha ya matairi ya malori ya kwenda mpakani, ikiwa na muhuri wa haraka. Fedha ya vyote viwili haikuwepo. Alikaa kimya na penseli yake nyekundu mkononi kwa muda mrefu, akanyanyua simu akauliza Benki Kuu kama kuna chochote kinachotarajiwa kuingia wiki ile, akajibiwa hakuna. Akakata sabuni. Alipiga mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni, akaniambia, "Mama, piga upya ukurasa huu." Jioni nikarudi Magomeni nikapanga foleni duka la kaya, la bidhaa za mgao kwa kadi. Wenzangu waliokuwa wameweka mawe tangu alfajiri kushika nafasi wakanigeukia: nyie wa Hazina mna sabuni zenu, mnakuja kutubana huku kwa nini? Usiku ule nilifua nguo za wanangu kwa majani ya mpapai, kama walivyofanya wao. Na mke wa yule mzee alikuwa foleni ya mtaa wake, na kadi yake mkononi. Hao ndio mnaosema walijigawia?

Waziri wetu wa fedha, Edwin Mtei, aliachia ngazi mwishoni mwa 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), akarudi Amir Jamal kwenye kiti alichowahi kukikalia. Laumuni sera mtakavyo, hata sisi wa chini tulibishana. Wizi ni tuhuma nyingine kabisa. Mtanitajia 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowashukia wahujumu uchumi. Ndiyo, walanguzi walikuwepo, na maofisini walikuwa na marafiki. Niliwaona wakiingia na kutoka kwa baadhi ya wakubwa. Kwa sababu niliwaona, ndiyo maana nataka watenganishwe na waliokataa kupokea hata bahasha.

Na dharau hii haiko gazetini peke yake. Juzi nilikwenda kuhakikiwa pensheni katika ofisi moja hapa mjini. Wazee tulisimamishwa juani, wengine na fimbo, benchi liko kivulini wamelikalia walinzi. Kijana wa dirishani akaitazama barua yangu ya kuajiriwa akasema karatasi ya zamani namna hii haitambui, nilete nyingine. Nyingine nitaitoa wapi? Aliyeweka sahihi ameshafariki. Watu walioishika nchi wakati haina kitu leo wanaambiwa wathibitishe kuwa walikuwepo, na kijana yule hata kiti hakuninyooshea.

Ninachotaka ni hiki. Tumeni mwandishi mmoja, awe na kinasa sauti na subira, akawatafute wapiga chapa, matarishi, madereva na makarani wa leja wa miaka ile. Wengi bado tuko Magomeni, Temeke na Ilala. Asituulize tunawakumbukaje wakubwa. Atuulize nani alikuja kuomba nini, alijibiwa nini, na orodha ilipigwa upya mara ngapi. Kisha nakala ya kanda hizo zipelekwe Nyaraka za Taifa, zisibaki kwenye droo yenu. Na ule mstari usahihishwe kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla mjane wa mzee yule hajasomewa na wajukuu wake.

Mpiga chapa mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam