Mwanangu, pima damu kwanza

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku Tanga hatujambo, ila mvua.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara nne. Mbili kwa ajili ya maneno, mbili kwa ajili ya sauti yenyewe, maana sasa unakohoa kidogo kabla ya kusema, vilevile kama babu yako. Nimecheka peke yangu jikoni. Kisha nikafika pale unaposema umeamua kupunguza nusu ile jeli ya testosteroni unayojipaka, homoni ya kiume, kuanzia wiki hii, kabla hujahama Toronto kwenda Winnipeg, huko huko Kanada, kwamba sauti imeshafika ulipotaka, ndevu huzihitaji. Hapo sikucheka.

Sikukatazi kupunguza. Ulishanieleza kwamba hutaki kuwa mwanamume na mwanamke hukuwa, unataka kusimama pale panapokutosha, na anayesimama hapo si lazima atumie dozi nzima ya mwingine. Nimekuelewa. Nilichelewa, lakini nimekuelewa. Ninalouliza ni moja: umepima damu?

Ile picha ya majibu uliyonitumia ina hematokriti 52, yaani chembe nyekundu ni asilimia 52 ya damu yako, na juu imekatwa, tarehe haionekani. Mwanangu, mimi nimekaa maabara miaka 27. Karatasi isiyo na tarehe kwetu ni ya kufungia karanga.

Kile kigoda cha maabara ulikikalia mwenyewe kila ukitoka shule, kwa hiyo sikuelezi mambo ya vimirija na plastisini. Nataka ujue tu kilichokuwa kichwani mwangu nilipokuwa nasoma urefu wa ile nyekundu kwenye kimirija. Miaka yote niliogopa ikiwa fupi. Mtoto wa malaria anakuja na 15, mjamzito na 20, unakimbia kutafuta damu ya kumwongezea. Nyekundu ndefu haikuwahi kuninyima usingizi. Wewe ndiye uliyenifundisha, uzeeni huku, kuogopa damu nzito. Testosteroni inaihimiza mifupa itengeneze chembe nyekundu, zikizidi damu inakuwa kama uji uliolala, na ikifika 54 madaktari hupunguza dawa au huisimamisha mpaka ishuke. Kwa hiyo huenda huko kupunguza kwako ni heri tupu. Huenda. Lakini ukipunguza leo bila kupima, huyo daktari mpya wa Winnipeg atalinganisha na nini?

Au unapunguza ili jeli ikufikishe mpaka umpate huyo daktari? Kama ni hivyo, sema. Nimeuliza, nikaambiwa ukihama jimbo, bima ya jimbo jipya inaweza kukusubirisha hadi miezi mitatu, na ya zamani inakushikilia mpaka hapo. Sasa daktari anayekujua yupo Toronto, na wewe bado upo Toronto. Nenda kabla hujafunga mabegi. Mwambie unavyotaka mwili wako uwe, akupangie dozi, mkubaliane lini upime tena. Mwaka wa kwanza ni kila miezi mitatu, na wewe bado hujaumaliza mwaka tangu uanze jeli hii, usijifanye mkongwe.

Siku ya kupima, jeli usiipake kwenye mkono utakaochomwa sindano. Mabaki yake kwenye ngozi yanaweza kuingia kwenye damu inayotolewa, majibu yakasema una testosteroni ya watu watatu. Na kunywa maji, mtu mkavu damu yake husomeka nzito kuliko ilivyo. Na sigara. Najua unavuta, kaka yako hakusema, nimeisikia kwenye pumzi zako. Sigara nayo inapandisha. Kama ni lazima upunguze kitu bila kumuuliza daktari, anza na hiyo.

Usidhani pia kwamba ukipunguza, mambo yatarudi nyuma yote. Sauti iliyoshuka haipandi. Ndevu zilizoota zimeota, utanyoa. Kinachoweza kurudi ni hedhi, na najua itakavyokuumiza, ndiyo maana nakwambia mapema uwe umejiandaa. Na jeli haizuii mimba, hilo nimeliandika haraka na nimelipita.

Huko kwa binamu yako kuna mtoto wa miaka miwili. Ukipaka, nawa mikono kwa sabuni, iache ikauke, vaa fulana, ndipo umbebe. Dawa hiyo inahama ngozi kwa ngozi, na mwili wa mtoto hauna kazi nayo.

Safari ni zaidi ya kilomita 2,000 na unasema utapanda basi. Kila linaposimama, shuka utembee. Damu nzito haipendi kukaa. Umepima lakini?

Shangazi yako anauliza sauti yako imekuwaje. Nimekuwa nikimwambia una mafua. Mafua ya karibu mwaka mzima, na yeye si mjinga. Ijumaa akija nitamwambia kitu kingine, sijajua ni kipi. Kwa Kiswahili "yeye" hainipi taabu, inayonikwama kooni ni "binti yangu", naanza kuisema halafu naimeza. Na ile miezi simu yangu ilipokuwa haina chaji kila ukipiga, basi, umeme ulikuwepo.

Magauni yako nilimpa mtoto wa jirani. Lile la kitenge cha bluu nimelikata foronya mbili, nitakutumia moja kwa mtu akija huko, ukitaka. Usipotaka nitalalia zote.

Fundi amesema bati la upande wa chumba chako limeoza, sio misumari tu. Anataka laki nne, nimemwambia laki mbili na nusu na chakula cha mchana. Mlango wako umevimba kwa mvua, haufungi, paka wa jirani amezalia chini ya kitanda. Watatu. Usitume hela ya bati, lipia kwanza nauli yako. Kaka yako ameahidi nusu, na unamjua ahadi zake, kwa hiyo nauza zile tairi za baba yako zilizopo stoo.

Nitumie karatasi ya majibu kabla hujapanda basi. Nzima, na tarehe yake juu.

Mama yako