Ushuru wa gulio urudi kwanza gulioni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie magulio ya vijijini, ambayo halmashauri zetu huyakumbuka sana zinapopanga makisio ya mapato na kuyasahau zinapopanga matumizi.

Anayetaka kuona jinsi fedha inavyozunguka kijijini afike gulio la Tengeru, hapa Arusha, asubuhi ya Jumatano au Jumamosi. Akina mama wanaoshuka kutoka miteremko ya Meru hupanga mikungu ya ndizi, maparachichi na mafungu ya mboga, huku wenzao wa tambarare wakipima maharage na mahindi kwa debe na sado. Anayewahi kumaliza mzigo wake hununua sabuni, sukari na daftari za watoto palepale, hivyo fedha ileile humfikia mwenye duka, fundi cherehani, mama lishe na kijana wa bodaboda kabla jua halijazama. Sijaona mradi unaofanya kazi hiyo kwa kasi namna hiyo, tena bila semina wala posho.

Gulio pia humpa mkulima mdogo nguvu mbele ya dalali. Anayeuzia shambani hupangiwa bei, na mara nyingi gunia lake hushindiliwa lumbesa, yaani hujazwa kupita kipimo, ingawa sheria ya vipimo imeikataza. Anayeuza gulioni huisikia bei ya jirani yake, na asiporidhika hurudi siku nyingine ya soko.

Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ikawaondolea mzigo huo wanaosafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hilo lilikuwa jema. Lakini mama anayetandika gunia chini bado hulipia nafasi hiyo kila siku ya gulio, na mimi sipingi alipe. Ninachohoji ni anapata nini. Katika gulio ninalouzia, mtoza ushuru hufika na mashine yake kabla ya mnunuzi wa kwanza, ilhali choo kina kufuli na wakati wa masika nyanya hupangwa kwenye tope chini ya turubai la kuazima.

Ni kweli asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini aliyekopa akanunua maparachichi yakamwozea kwa kukosa kivuli atarejesha kwa kuuza mbuzi.

Napendekeza kila halmashauri itenge sehemu inayojulikana ya ushuru wa gulio kwa ajili ya gulio lenyewe, kamati ya soko ishirikishwe, na kiasi kilichokusanywa na kilichotumika kibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kazi ianze na choo na maji, kisha paa. Nao madiwani wanaokagua miradi wafike siku ya soko, si siku ambayo uwanja ni mtupu.

Msomaji wako,
Usa River, Arusha