Risala ya Akina Mama wa Soko la Busia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wahudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji, wazee wetu na akina mama wenzetu, hamjambo.

Sisi ni wauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, mboga ya dodo, yaani mchicha, na maharage. Kikundi chetu kilianza kwa kuchangiana gharama za kujifungua tu. Habari ya mlo wa mjamzito ilitujia baadaye, tena kwa njia ya chujio la chai.

Mkunga aliyekuja kutufundisha aliliinua akasema: chukulieni hili ndilo kondo la nyuma. Damu ya mama iko upande huu, ya mtoto upande ule, wala hazichanganyiki. Oksijeni, sukari, protini na madini huvuka kwenda kwa mtoto, na taka zake huvuka kurudi kwa mama. Kamba ya kitovu ina mishipa mitatu ya damu: mmoja huleta, miwili hurudisha. Kisha akamwagia majani ya chai mpaka chujio likaziba. Malaria hufanya hivyo. Vijidudu hujibanza kwenye kondo hata mama asipohisi homa, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Tangu siku hiyo hatubishani juu ya neti wala Fansidar, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Pombe nayo, alisema, haichujwi, inapita moja kwa moja. Wanaume waliosimama nyuma walicheka. Sababu wanaijua wenyewe.

Mheshimiwa, kula kwa ajili ya wawili sisi tulidhani ni mlima wa posho, yaani ugali. Kumbe mtoto anadai madini ya chuma, nayo yamo katika mukene na maharage tunayowapimia wateja, huku wenyewe tukishushia posho kwa chai ya rangi. Chai hiyo ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa.

Shida yetu kubwa ni vidonge vya damu, vile vyenye madini ya chuma. Mara nyingi tunaambiwa vimeisha. Vikipatikana, wapo wanaovitupa kwa kuona choo kimekuwa cheusi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa ni kawaida. Asidi ya foliki nayo, ambayo ni vitamini, huhitajika mapema mno, kwani uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki 4 tangu mimba kutungwa, wengine hata hatujajijua.

Tunaomba utusaidie vidonge hivyo vifike bila kukatika, pamoja na kipimo cha wingi wa damu hapa karibu na soko.

Mukene wa kukaanga uko tayari mezani. Chai, utuwie radhi, italetwa saa moja baada ya kula.

Naomba kuwasilisha.