Paka wangu ana limfoma (kansa ya seli za kinga), nianze dawa au apimwe virusi kwanza?

Habari zenu ndugu zangu, niko Jinja na naombeni ushauri maana usingizi sipati. Nina paka wawili, Tausi ana miaka saba, na Pili bado mdogo, nilimwokota sokoni mwaka jana akigombania vichwa vya mukene (dagaa). Tausi alianza kukonda, anakuja kwenye sahani ananusa anaondoka, halafu siku moja namkuna tumbo nikagusa kitu kigumu kama kokwa la embe. Daktari wa kwanza hakupima chochote, akampa predinisoloni (dawa ya steroidi) basi, paka akachangamka wiki mbili kisha akarudi palepale. Nikamweka kwenye boksi nikapanda naye taksi mpaka Kampala, huko wakachoma sindano kwenye uvimbe wakatoa seli, jibu limfoma. Na wakaniambia predinisoloni ikitangulia peke yake kansa inaweza kuizoea, kemo, yaani dawa za kuua kansa, ikaja kushindwa. Hilo linaniuma sana.

Sasa daktari wa Kampala anataka tuanze COP, yaani vinkristini ya mshipani kila wiki, siklofosfamidi, na predinisoloni yenyewe. Anasema paka wengi wanaistahimili vizuri, manyoya hayatoki sana, labda sharubu, na shabaha ni kumpa muda wa kuishi bila mateso, kupona kabisa ni nadra. Hapo nimemwelewa. Ila nilipomuuliza kuhusu kupima FeLV na FIV, yaani virusi vya leukemia ya paka na vya kupunguza kinga ya paka, akasema dawa ni zilezile, nisipoteze hela. Mimi naona kuna tofauti kubwa jamani! FeLV yenyewe inaweza kuleta limfoma, paka mwenye nayo kwa kawaida kemo haimsaidii muda mrefu, tena inapita kwa mate, na hawa wawili wanalala pamoja wanalambana masikio, bakuli moja, Pili hajawahi kuchanjwa. Na kipimo ni damu kidogo tu, dakika kumi jibu limetoka.

Hela niliyonayo nimeuza mbuzi, inafika sindano nne hivi, kwa hiyo kila shilingi naihesabu. Niwapime wote wawili kwanza? Pili akitoka hana, nirudie baada ya muda gani? Na kuna aliyempa kemo paka mwenye FeLV, aliishije? Nimtenge Pili kuanzia leo au nitamvunja moyo Tausi akiwa mgonjwa hivi, maana akiamka usiku anamtafuta yeye kwanza.

Dada yangu ana mimba na ndiye alikuwa anasafisha mchanga wao wa choo, nimeshamkataza, nasafisha mwenyewe na glavu. Sindano ya kwanza ni Jumatatu, tafadhali nijibuni kabla.